Mkono wa Wasiojua

Igtalon, Antique
12 Julai 1994

Inday Pining,

Kaa chini kwanza ndiyo usome. Kama uko jikoni kwa watu, zima jiko. Mkaguzi anakuja darasani kwangu! Bwana Escanlar mwenyewe, na ile kalamu yake ya kijani, Ijumaa ya tarehe tano Agosti, saa tatu asubuhi. Nikimridhisha, nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi katika shule ya mjini San Jose ni yangu. Miaka kumi na mitatu nimepanda kilima hiki na viatu mkononi, mdogo wangu. Mjini viatu vinavaliwa miguuni.

Somo nimepangiwa: namna ya kuonyesha umiliki katika Kiingereza cha kuandika, darasa la tano. Unalijua. Ulilifundisha katika chumba hikihiki kabla hujatuacha na chaki zetu ukaenda Singapore kupika. Watoto bado wanaandika kama tunavyosema nyumbani, kitu kwanza, mwenyewe baadaye: nyumba ya mwalimu, mkia wa nyati. Nikawafundisha kumtanguliza mwenyewe na kumbandika ritifaa, kile kialama cha juu, na s yake. Wakaelewa mno! Sasa kila neno linaloishia na s linavishwa ritifaa. Kibao cha duka la Toyang, alichoandikiwa na mwanawe, kinauza ndizi na mayai, na kila kimoja kinaonekana kumiliki kitu ambacho hakikutajwa.

Jana tulifanya vitu vya watu wawili: nyumba ya baba na mama, ritifaa ni moja tu, anaivaa wa mwisho. Marivic wako akainua mkono. "Madam, na kama baba yuko Manila na mama yuko Singapore, ritifaa inakaa wapi?" Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, nisikufiche. Ana akili mtoto huyu, ila huuliza yasiyo kitabuni. Shuleni ananiita Madam. Tukifika nyumbani ananivua cheo, mimi ni Tiya, mama yake mkubwa, na ananigeuzia mgongo nimkune.

Tunafanya mazoezi kila siku, maswali yaleyale kumi na majibu yaleyale. Na mikono yetu ipo palepale, nadhani unaikumbuka. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Lakini wote wanainua, tena kwa kurukaruka, mgeni aone darasa zima linawaka moto. Nami naita wa kulia tu.

Niombee. Nanay naye, mama ni mama, anamnenepesha jogoo wa kumpikia mkaguzi.

Dada yako,
Perlita


Singapore
27 Julai 1994

Manang,

Nimecheka mpaka Bibi mwenye nyumba akaja kuuliza kama nimeunguza kitu. Mikono! Nani aliyebuni ile mikono? Si mimi, mwaka ule mkaguzi alipokuja na kamera? Watoto wangu waliinua kwa nguvu hadi mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi, na mkaguzi akaandika kwamba hajaona ari kama ile wilaya nzima. Nusu yao hawakujua hata somo ni lipi.

Sasa nikuambie langu, usimsomee Nanay. Juzi niliacha karatasi kwenye mlango wa friji, vitu vya kununua, na chini nikaeleza kwamba dawa ya babu iko kwenye droo ya Bibi. Niliandika harakaharaka, sufuria iko motoni. Nikaikuta na wino mwekundu. Mtoto wao wa miaka kumi ameizungushia duara ritifaa yangu kwamba imekaa upande usiofaa, kana kwamba akina Bibi wako wengi. Na alama kanipa: nne kwa kumi. Wakacheka mezani, si kwa ubaya, walicheka tu. Nami nikacheka huku nawapakulia. Mwalimu wa miaka saba, Manang! Niliingia bafuni nikakaa juu ya ndoo, nikaona haya hata kujitazama kwenye kioo. Sikuwaambia kwamba niliwahi kushika chaki. Wangecheka zaidi.

Kwa hiyo nakuomba. Marivic asije siku moja akawapakulia watu chakula huku wamemzungushia duara. Siku ya mkaguzi mwite. Mpe swali, Bwana Escanlar amsikie, darasa zima limsikie. Barua zake za Kiingereza huwasomea wenzangu Jumapili tukikaa kwenye nyasi, na wanasema mtoto wako huyo atakuwa wakili. Niahidi utamwita.

Mdogo wako,
Pining


Igtalon
8 Agosti 1994

Inday,

Imepita. Bwana Escanlar ameridhika, amekula mapaja yote mawili ya jogoo, amesema jina langu atalipeleka. Huenda Oktoba nikahamia mjini.

Marivic aliinua mkono, ila zamu haikumfikia vizuri. Alikuwa na homa kidogo tangu asubuhi. Usijali, sasa hajambo, amekwenda kukaa kwa Nanay ng'ambo ya mto siku chache abadilishe hewa. Barua yake hii hapa, ameiandika mwenyewe.

Nimechoka, nitakuandikia vizuri siku nyingine. Mvua ni nyingi.

Perlita


Singapore
25 Agosti 1994

Manang,

Hongera. Nimefurahi, kweli nimefurahi. Lakini barua ya Marivic nimeisoma mara nne na kila nikiisoma furaha inapungua. Haina kosa. Hata moja! Ritifaa zote zimesimama mahali pake kama askari kwenye gwaride. Mtoto wa miaka kumi na moja, ametoka homa? Halafu hajaniuliza kitu. Kila barua huniuliza kitu: kama Singapore kuna panya, kama babu wa Bibi bado anatema dawa. Hii inanieleza kwamba mto wa kijiji chetu ni mzuri na mlima wa kijiji chetu ni mrefu. Mwandiko umeigwa vizuri, lakini mkia ule wa y naujua, Manang. Tulikaa benchi moja miaka sita.

Jana nimepata pia kadi ya Toyang wa dukani. Anaulizia blanketi nililomwahidi, kisha mwishoni ananipa pole kwa yaliyompata Marivic, na kusema kwamba humwona saa nne za asubuhi akifua mtoni, siku za shule. Yaliyompata yapi? Toyang anajua, wewe unaniandikia habari za mvua.

Kama si homa, niambie ni nini. Usinifiche kama mgeni. Mtoto nilimwacha mikononi mwako, sikumwacha shuleni.

Pining


Igtalon
10 Septemba 1994

Inday,

Barua ile niliiandika mimi. Tuanzie hapo.

Na homa haikuwepo. Ombi lako nilitaka kulitimiza: nilimpa Marivic swali la nne, tukalifanyia mazoezi hadi akawa analijibu huku anasuka nywele. Siku ilipofika watoto walikuwa wanawaka kweli. Swali la kwanza, la pili, la tatu, mikono hewani, naita wa kulia, majibu yanatoka safi, Bwana Escanlar anaandika. Kabla sijalisoma la nne mkaguzi akasimama, akaniomba chaki. Akaandika lake ubaoni: kofia za watoto, wale watoto ambao kwa Kiingereza ni wengi bila kuwa na s. Hatukuwa nalo kwenye orodha. Akageuka. Mikono yote ikapaa kama ilivyozoea. Arobaini na miwili, Inday, na karibu yote ya kushoto.

Nilitaka kuwahi kumwita mmoja wa kulia. Akaniwahi yeye. Akamnyooshea kalamu Marivic, kwa kuwa alikuwa karibu na dirisha na mkono wake ulikuwa juu kuliko yote. Marivic akasimama. Akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye, akasema kwa adabu zake zote, "Samahani, bwana, mimi nimeinua wa kushoto."

"Na wa kushoto una nini?"

"Ni wa wasiojua, bwana. Madam huwa hawaiti."

Nikasikia sufuria ya Nanay, aliyekuja kupika kwangu, ikichemka nyumba ya pili. Bwana Escanlar akanigeukia, akauliza kwa Kiingereza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema ni wa mdogo wangu, analala kwangu, na anasema kweli. Nikajibu kwa Kiingereza kizuri kabisa, "Wa mtu mmoja huko mlimani, bwana. Mama yake alimtelekeza. Akili yake haijatimia, hutunga mambo. Umsamehe."

Nilidhani Kiingereza kitanificha. Nilisahau kwamba nimemfundisha mwenyewe. Alielewa kila neno, Inday. Na watoto wote wanajua anakula mezani kwangu, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, kwa sababu hilo nalo nimewafundisha. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia keti. Akaketi. Mkono wa kushoto ulikuwa bado juu, jirani yake ndiye aliyeushusha.

Nikaendelea na somo. Nikaita wa kulia.

Jioni nilikuta mkeka wake haupo. Huko kwa Nanay hataki kuniona. Nikifika ananiambia "Habari za jioni, Madam," kisha anaingia ndani. Nanay ananiletea chai nje, mlangoni, kama mchuuzi. Toyang ananipimia mchele akitazama mzani tu. Nafasi ya mjini nimepewa, barua ya uteuzi iko kabatini, na siwezi kuifungua mara ya pili. Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nilikuandikia homa kwa sababu nilitaka mtu mmoja aendelee kuniona nilivyokuwa.

Sikuombi msamaha. Nimekuambia tu.

Perlita


Singapore
26 Septemba 1994

Perlita,

Utaona sikukuita Manang, dada mkubwa. Leo siwezi.

Nilipomaliza barua yako nilitaka kukutukana yale matusi ya sokoni, yale ambayo Nanay alitupaka pilipili mdomoni kwa ajili yake. Niliyaandika, ukurasa mzima. Kisha nikauchana, na si kwa kukuhurumia.

Fomu yangu ya wakala imeandikwa sina mume, sina mtoto. Waliniambia mabosi wa huku hawataki mfanyakazi mwenye mtoto, atakuwa analialia anawaza kwao. Nikatia sahihi. Wiki ya kwanza Bibi akaniuliza mwenyewe, uso kwa uso, "Pining, una mtoto?" Nikasema, "Hapana, Bibi." Picha ya Marivic inakaa ndani ya pipa la mchele, kwenye mfuko wa plastiki. Naitoa Jumapili. Mwaka jana siku yake ya kuzaliwa Bibi aliniona macho mekundu, nikasingizia vitunguu.

Wewe umemkana mara moja kwa hofu. Mimi nimemkana miaka miwili, kila nikiamka, na kalamu nilishika mwenyewe. Na ile mikono nayo ni yangu, niliichekelea mwezi Julai tu hapa. Sina mdomo wa kukutukana, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Sasa sikiliza. Hutahamia mjini ukamwacha mtoto wangu hana mtu. Utasimama mbele ya watoto walewale arobaini na wawili, useme ni mtoto wa nani. Utamwandikia Bwana Escanlar. Wakikunyang'anya nafasi, wakunyang'anye. Nami huku nitamwambia Bibi. Wakinirudisha, wanirudishe.

Barua hii msomee Marivic yote. Usiruke pale penye pipa la mchele.

Pining


Igtalon
22 Oktoba 1994

Inday,

Nimemsomea. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua uso. Sikuruka. Nilipofika pale ulipoagiza nisiruke, vidole vyake vilisimama, halafu vikaendelea.

Jumatatu ya tarehe kumi nilisimama darasani. Nikawaambia kwamba Marivic ni mtoto wa Pining, mdogo wangu, kwamba hana kasoro yoyote, mwenye kasoro siku ile nilikuwa mimi. Nikawaambia habari ya mikono imekwisha. Kisha mtoto wa Toyang akauliza, "Madam, sasa sisi tusiojua tuinue upi?" Nikasema, "Semeni tu kwamba hamjui." Wakatazamana, kama nimewaagiza wavue nguo.

Nikaenda kwa Nanay nikidhani nimemaliza. Marivic alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umesema kwa lugha yetu, Madam. Wakati ule ulisema kwa Kiingereza. Na Bwana Escanlar hakuwepo leo."

Nikarudi nyumbani nikaandika. Nimewaandikia ofisini barua za Kiingereza mamia, za paa linalovuja, za chaki, za madawati. Hii niliharibu karatasi nne. Na iliyonishinda ni ile sentensi moja tu, kwamba huyu ni mtoto wa mdogo wangu. Miaka kumi na mitatu nimeifundisha: mwenyewe anatangulia, ritifaa inamfuata. Nilipofika kwenye ritifaa niliitamka kanuni kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Kesho yake niliiandika barua hiyo ubaoni kuanzia juu hadi chini, watoto wakainakili, kisha nikaipeleka San Jose kwa mkono wangu. Marivic alisimama nje dirishani na Nanay, akaisoma yote.

Jibu limekuja jana, mistari mitatu. Nafasi kapewa mwingine, na mwezi ujao nitaitwa ofisini kujieleza. Kijiji kizima kinajua. Wengine wananiambia nimefanya vyema, wanadhani hapo aibu inakwisha. Haijapungua. Nadhani nitazeeka nayo.

Marivic amerudi shuleni tangu Jumatano. Kwangu hajarudi. Barua yake hii naiweka ndani bila kuigusa. Niliona kosa kwenye mstari wa kwanza, nikajizuia.

Dada yako, kama bado,
Perlita


Kwa Lola, ng'ambo ya mto
22 Oktoba 1994

Mama,

Hii ni mimi kweli. Naandika kwa lugha yetu kwa sababu Kiingereza kinachukua muda na karatasi ni moja.

Nimerudi shuleni. Madam sijampenda bado. Alilia ubaoni mpaka kamasi zikamtoka, kila mtu aliona. Lola, Nanay wenu, anasema nimwite Tiya, nimesema nitafikiria. Kofia za watoto sasa naijua. Si ngumu, wangenifundisha tu.

Watu wanasema eti siku ile nilikuwa jasiri. Sikuwa jasiri, Mama. Nilidhani yule bwana hajui kanuni yetu, nikamsaidia.

Barua yako nilisomewa. Sikulia mbele ya Madam. Nililia njiani nikienda mtoni, halafu nikachota maji nikarudi. Mimi nilidhani Bibi wako ananijua. Nilikuwa namwombea kanisani kila Jumapili, yeye na babu yao mgonjwa, nilidhani na yeye anauliza Marivic hajambo.

Lola anasema ukimwambia watakurudisha. Siku nyingine nataka wakurudishe, siku nyingine naogopa. Lakini kusema nataka useme.

Barua nimeomba nikaisoma tena peke yangu. Imeandikwa utamwambia. Haikuandikwa umemwambia. Tangu uiandike zimepita siku ishirini na sita, nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa.

Umeshamwambia?

Mtoto wako,
Marivic